Kisanduku cha Shangazi: Siku zangu zote zinafanana

Wapendwa wasomaji, za tangu mwezi uliopita. Barua zimekuja nyingi na nimechagua tano, zote za huku huku kwetu Kigoma, mana nilivyozisoma usiku mmoja nikaona kama watu hawa wamekaa baraza moja wanaongea jambo moja bila kujuana. Nimezifupisha kidogo, majina yenu halisi nimeyaondoa kama mlivyoomba.

Shikamoo Shangazi. Mi ni mama wa watoto watatu, nakaa Kibirizi, nashona nguo kwenye fremu kule Mwanga. Mume wangu hanywi, hanipigi, ada inalipwa, tunakula, yaani sina shida ya kumwambia mtu ndo mana hata kuandika naona aibu. Shida yangu siku zote zinafanana. Naamka saa kumi na moja, chai, watoto shule, cherehani, sokoni, kupika, vyombo, kulala, kesho tena vile vile. Zamani nilikuwa nacheka ovyo, sasa hivi ziwa lenyewe lipo mlangoni kwangu na sijui mara ya mwisho nimeliangalia lini. Nikimwambia mume anasema mshukuru Mungu kuna wenzio wamelala njaa. Nashukuru kweli Shangazi, kila siku nashukuru, ila moyoni hakuna kitu. Mi ni mtu asiye na shukrani? (Mama wa Watatu, Kibirizi)

Marahaba mwanangu, pole, na hapana, we sio mtu asiye na shukrani, ungekuwa huna shukrani usingeona aibu kuandika.

Nianze na hilo neno la mumeo mana najua wengi mnaosoma hapa mmeshaambiwa. Kuna wenzio wamelala njaa, ni kweli wapo, lakini njaa ya jirani haijawahi kumfurahisha mtu, inamtia hofu au inamtia aibu alafu ananyamaza, na akinyamaza waliomwambia wanadhani amepona. Mumeo simlaumu, ndivyo tulivyolelewa wote, mtoto akilia anaambiwa nyamaza wenzio hata hicho hawana. Ila we mwambie kwa upole kwamba hukuwa unalalamika, ulikuwa unamwambia unavyojisikia.

Sasa kilichokupata. Unakaa Kibirizi, kwa hiyo utanielewa haraka kuliko mtu mwingine. Mgeni akishuka pale mwaloni kitu cha kwanza ni harufu ya dagaa, wengine wanaziba pua kabisa, we unamshangaa anaziba nini. Mi nimezaliwa hapo hapo, mama yangu alikuwa anaanika dagaa, enzi hizo wanaanikwa chini kwenye mchanga sio kwenye chanja kama wengi wanavyofanya siku hizi, na mpaka naondoka kwenda chuo cha ualimu Tabora sijawahi hata siku moja kusikia harufu ya dagaa. Sikujua kama ipo. Nimekaa Tabora muda mrefu bila kurudi, nauli ilikuwa tabu, siku nimerudi nikashuka stesheni ile ya Mjerumani, sanduku kichwani, natembea, nilipokaribia nyumbani ikanipiga ile harufu. Nikasimama katikati ya njia nikalia kama mtoto. Watu wakadhani nimefiwa. Dagaa walikuwa wale wale na mchanga ule ule, na mama alikuwa anawageuza kama alivyokuwa anawageuza siku niliyoondoka, mi ndo nilikuwa nimepata pua mpya.

Ndo mazoea hayo mwanangu. Kitu kikiwa hapo kila siku mwili unakiondoa kwenye hesabu ili ubaki unaangalia kilichobadilika, na ni vizuri mwili una kazi hiyo, bila hivyo usingeweza kufanya kazi yoyote na ile harufu. Tatizo hauchagui. Unaondoa harufu ya dagaa na unaondoa na kicheko cha mtoto wako wa mwisho kwenye mkupuo mmoja.

Unakumbuka lile ziwa letu Tanganyika lilivyofungwa 2024? Kuanzia Mei 15 mpaka Agosti 15, miezi mitatu, sisi na Burundi na Kongo na Zambia tukakubaliana uvuvi usimame samaki wapate kuzaliana. Sisemi ilikuwa kipindi kizuri, kina mama wa uanikaji naowajua walikopa mpaka wakaisha, wengine walihama kabisa wakaenda kulima. Lakini nikwambie kitu nilichokiona kwangu mwenyewe. Wajukuu zangu walikuwa wakiona dagaa kwenye sahani wananuna, leo tena dagaa bibi, tumechoka. Ziwa lilipofunguliwa nikapata dagaa wabichi, nikawapika na nyanya na mawese yale mekundu mazito, ugali wa muhogo, nikaweka chini. Hakuna aliyeongea. Wamekula wamemaliza, yule mkubwa akachukua kipande cha ugali akafuta sufuria, alafu ndo akasema bibi hawa dagaa umewawekea nini. Sikuwawekea kitu!

Kuna watafiti wawili, Jordi Quoidbach na Elizabeth Dunn, 2013 walifanya kitu kama hicho na chokoleti. Watu walikula chokoleti, kisha kundi moja likaambiwa msiguse kabisa kwa wiki nzima, kundi jingine likaambiwa kuleni mtakavyo, na jingine halikuambiwa chochote. Baada ya wiki wakarudi wakala tena, na walioifurahia zaidi ni wale walionyimwa. Nikasoma nikasema haya, hilo sisi tunalijua na kwa samaki.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, fungua na kufunga ziwa lako mwenyewe. Chagua kitu kimoja tu unachokipenda ila umeshakizoea, labda sukari kwenye chai, labda redio hapo kwenye fremu inayoongea kutwa na huisikii, ukifunge wiki moja, kisha ukifungue siku ambayo umetulia. Usifunge kitu cha watoto wala cha mumeo, funga cha kwako.

Cha pili ni macho, na hapa nitarefusha kidogo nivumilie. Hapo kaskazini mwetu Gombe, Julai 1960 alikuja binti mmoja wa Kiingereza, Jane Goodall, yule aliyefariki Oktoba 2025 akiwa na miaka 91. Hakuwa na shahada wakati ule. Alichokuwa nacho ni darubini, daftari na uvumilivu wa kukaa juu ya kilima kimoja siku baada ya siku anaangalia sokwe ambao mwanzoni walikuwa wanamkimbia. Mwaka haujaisha akamuona sokwe mmoja anachukua jani la nyasi, analichomeka kwenye kichuguu, anavuta mchwa, anakula. Wasomi wengi walikuwa wanasema kutengeneza na kutumia zana ni kazi ya binadamu peke yake, ikabidi wakae chini waanze upya. Na yule sokwe nina hakika hakuanza kufanya hivyo siku ile, alikuwa anavua mchwa wake miaka yote. Kilichoongezeka ni mtu wa kukaa akatazama mpaka mwisho.

Mi naomba ukae kilimani mara moja tu kwa siku. Na kilima chako nakichagua mimi, ni pale mteja anapovaa nguo uliyomshonea kwa mara ya kwanza akasimama mbele ya kioo. Nakujua hata bila kukuona, wakati huo we umeshashika mkasi unaangalia kitenge cha mtu anayefuata. Weka mkasi chini. Muangalie anavyojigeuza, anavyovuta kiunoni, kile kicheko kidogo cha mtu aliyejiona mzuri bila kutegemea, mtazame mpaka anatoka mlangoni. Hiyo ni kazi ya mikono yako na umekuwa ukiikosa miaka.

Alafu kila Jumapili jioni, Jumapili tu, chukua daftari lako la vipimo ugeuze nyuma uandike mambo matatu ya wiki hiyo. Watafiti Robert Emmons na Michael McCullough waliwahi kuwapa wanafunzi kazi kama hiyo, majibu yakatoka 2003, walioandika mara moja kwa wiki yale wanayoyashukuru waliyaona maisha yao mazuri zaidi kuliko walioandika kero zao. Ila sharti langu, usiandike afya, uzima, watoto, hayo ni maneno ya kwenye risala. Andika Jumatano mwanangu kavaa viatu vya baba yake akaanguka navyo. Na usifanye kila siku mana utayazoea na hayo yakawa kama sala ya haraka haraka.

Jambo la mwisho ni zito kidogo. Kama zimepita wiki mbili na zaidi hakuna kabisa kitu chochote kinachokupa ladha, usingizi umekata au unalala kutwa, chakula hakipandi, au umeanza kufikiria ni bora usingekuwepo, hiyo sio mazoea tena, hiyo inaweza kuwa sonona, ni ugonjwa kama malaria ni ugonjwa, na una tiba. Nenda zahanati ya karibu au hospitali ya Maweni ukaseme hivyo hivyo ulivyoniandikia mimi. Nasema hivi kwa kila anayesoma, sio we tu.

Na ziwa, mwanangu. Saa kumi na moja si unaamka? Ndo saa mitumbwi inarudi. Dakika tano tu kabla ya kuwasha moto, fungua mlango.

Shikamoo Shangazi, mi kijana wa miaka 24 naendesha bodaboda hapa Kasulu. Nikiwa kijiweni nasubiri abiria nashika simu naona niliosoma nao wapo Dar wengine Oman huko, magari, mahoteli, nikizima simu naona kijiwe kama jela. Bando nanunua la elfu moja kila siku. Nifute kila kitu nitulie au nifanyaje? (Boda wa Kasulu)

Marahaba baba. Usifute, ukifuta kwa hasira utarudisha kesho kutwa na utarudi na njaa mara mbili.

Mwaka 2010 Matthew Killingsworth na Daniel Gilbert wa Chuo Kikuu cha Harvard waliwauliza watu 2,250, kupitia simu zao hizo hizo, sasa hivi unafanya nini, unawaza nini, unajisikiaje. Ikaonekana asilimia 46.9 ya muda, karibu nusu, akili ya mtu haipo kwenye kile anachokifanya, na watu walikuwa na furaha zaidi akili inapokuwepo pale mwili ulipo. We mwili upo Kasulu akili ipo Oman, alafu unaendesha pikipiki, hapo kwanza nakuhofia roho yako na ya abiria kabla sijaongelea furaha.

Mi nina mtoto Dar, mwaka wa saba huu. Ana gari. Akipiga simu jambo la kwanza, hata hajaniuliza hali, anauliza mama embe za Ujiji zimeshaanza? Msimu wa mvua namfungia dagaa na dumu la mawese nampa mtu anayesafiri na treni, na siku mzigo umefika ananipigia video ale nimuone anavyokula. Namuona yule mtu mzima na kitambulisho cha kazi shingoni anakula na mkono mpaka kwenye kiwiko. Sasa picha ya siku hiyo hajawahi kuiweka popote, anaweka ya gari. Wenzako wanaokuumiza moyo ndo hao. Wazee wetu walisema usiache mbachao kwa msala upitao, na we mbachao wako upo hapo hapo umeukalia, hujaukunjua.

Fanya hivi, simu ikae mfukoni ndani ya koti mpaka saa sita mchana, ipokee ikilia basi. Asubuhi za Kasulu mi nazijua, ile baridi na ukungu vikiwa vimelala mabondeni, kuna mtu analipa nauli kutoka mbali apate hewa ile. Na ukimpakia bibi wa Kiha mwenye kapu lake akakwambia mwakeye, usijibu nusu ukapiga kiki. Unajua salamu zetu zilivyo ndefu, anakuuliza wa nyumbani, anauliza ng'ombe, anauliza mashamba, jibu yote mpaka mwisho, na we muulize. Ukifanya hivyo wiki moja utaona kijiwe kinaanza kuwa na watu, mana sasa hivi kina simu tu. Na hiyo elfu moja ya kila siku ni elfu thelathini kwa mwezi, we mwenyewe unajua ingefanya nini.

Shangazi, nakusoma siku zote lakini leo nakupinga. Mi nauza migebuka sokoni, nina marejesho kila Ijumaa, nikichelewa wanakuja kukaa mlangoni. Mnatuambia tufurahie jua likizama. Furaha haijazi sufuria. Kumwambia maskini afurahie vidogo ni kumfunga mdomo asidai vikubwa. (Muuza Migebuka, Kigoma)

Mwenzangu, asante, na nimeiweka barua yako makusudi watu waisome.

Una haki. Mtu akikwambia ufurahi badala ya kukulipa, au akikwambia ushukuru wakati anakukata riba ya kukausha damu, huyo anakudanganya na mimi sitasimama upande wake. Marejesho yanayomaliza mtaji kila Ijumaa dawa yake sio jua kuzama, dawa yake ni kukaa na wenzako wa sokoni mkaunda kikundi cha kuweka na kukopeshana wenyewe, kuandika kila shilingi inayoingia na kutoka, na kukataa mkopo wa pili wa kulipia ule wa kwanza. Hilo fanya kwanza, na dai unachostahili kwa sauti.

Ila nikupe stori ya mama yangu mana yeye alikuwa kama wewe, maisha yake yote alikuwa anadaiwa na mtu wa jumla aliyekuwa anamkopesha dagaa. Wakati wa mbalamwezi, ambapo dagaa hawakai kwenye taa na wavuvi wanalala, deni lilikuwa linabaki pale pale na hela haiingii. Kila siku ya hesabu mama alikuwa anaenda kugombana na yule mtu. Anagombana kweli, bei ya debe, kipimo, kila kitu, tulikuwa tunamsikia toka mbali. Na kila Ijumaa, deni likiwepo lisiwepo, alikuwa ananunua kashata moja, moja tu, anaikata vipande kwa sisi wote wanne na yeye, anakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa anakula kile kipande chake kidogo taratibu amefumba macho. Siku moja jirani akamwambia hela ya kashata si ungepunguzia deni. Mama akasema deni langu namlipa yule, hii ya watoto wangu na mimi hatukuikopa kwake.

Sijawahi kuona akidai kidogo kwa sababu amekula kashata. Ndo maana nasema furaha yako usimuachie mkopeshaji aikalie mlangoni mpaka umalize kulipa, anaweza akaikalia miaka kumi. Idai bei yako na ule kashata yako Ijumaa hiyo hiyo.

Assalaam alaykum dada yangu. Mimi ni mzee wa miaka 71, nakaa Ujiji. Mke wangu alifariki miezi minane iliyopita, tumeishi miaka 44. Kila alfajiri baada ya swala tulikuwa tunakunywa kahawa chungu chini ya mwembe wetu, yeye anapuliza kikombe mpaka nacheka. Sasa nikichemsha kahawa naona ladha ya majivu. Watu wananiambia nitafute furaha kwenye vitu vidogo. Vitu vidogo vyote vilikuwa vyake. (Mzee, Ujiji)

Waalaykum salaam, shikamoo kaka yangu. Mwenyezi Mungu amrehemu na akupe subira.

Hilo neno la mwisho nimelisoma mara tatu nikaweka barua chini nikaenda kukaa nje. Vitu vidogo vyote vilikuwa vyake. Kaka, kwa miaka 44 wewe uliona mtu anapuliza kikombe. Wengi tunaishi na mtu hatujui hata anashikaje kikombe.

Sitakwambia utafute furaha. Miezi minane ni jana. Mume wangu alipofariki mi nilipika ugali wa watu wawili karibu mwaka mzima, mkono ulikuwa unapima wenyewe, na kila siku nilikuwa nakasirika na unga. Watu walinishauri mengi na sikumbuki hata moja. Nachokumbuka ni usiku mmoja nasikia honi ya treni inaingia, nimeisikia usiku mwingi kabla ya hapo lakini usiku ule niliisikia kweli, nikawaza watu wanashuka, wengine wanapokelewa, na nikajikuta nimefurahi kwa ajili ya mtu nisiyemjua anayepokelewa. Dakika moja tu, kisha huzuni ikarudi mahali pake. Baada ya wiki kadhaa ikaja nyingine. Hazikuanzia pale nilipokuwa nazitafuta, wala hazikuanzia kwenye vitu vyetu sisi wawili, vile vilikuja mwisho kabisa. Kwa hiyo hiyo kahawa usijilazimishe nayo, inaweza kuwa ya mwisho.

Ombi langu ni moja, usiinywe peke yako chini ya mwembe ule kwa sasa. Ujiji haina uhaba wa baraza. Chukua kikombe chako uende pale wenzako wanapocheza bao, uchungu wa kahawa utaukuta na hapo, ila kuna mtu wa kukuuliza umelalaje. Na akitokea wa kukusikiliza mtaje kwa jina lake, mwambie alivyokuwa anapuliza kikombe. Watu wataogopa kumtaja kwa kudhani watakutonesha, anza wewe, wape ruhusa.

Na mwembe wenu ukizaa msimu huu, zile za kwanza wagawie watoto wa jirani, uwaambie ni embe za bibi fulani. Ukipata nguvu niandikie tena kaka, hata kama huna swali.

Shikamoo Shangazi. Mi nipo darasa la tano. Mvua ikianza kupiga kwenye bati bibi yangu anaacha kazi zote anakaa kwenye kiti anacheka peke yake. Mama anasema ni uzee. Mi naona kama kuna kitu anakijua. Kwa nini anacheka?

Marahaba mjukuu wangu, swali lako ndo limenifurahisha kuliko yote mwezi huu.

Sijui anacheka nini. Mi nikisikia mvua kwenye bati nakumbuka nyumba yetu ya nyasi Kibirizi ilivyokuwa inavuja, tunaamka usiku kuweka masufuria, hili hapa lile pale, kila sufuria ina mlio wake, na kaka yangu anaimba kufuata milio hiyo mpaka mama naye anacheka gizani. Siku tulipoweka bati tulilala wote wakavu, hakuna aliyeamka, na asubuhi kaka akasema hata sikuimba. Bibi yako atakuwa na yake.

Muulize, ila usimuulize mvua ikiwa inanyesha mana kwenye bati hamtasikizana. Mvua ikianza chukua kigoda ukae karibu naye kimya, ikikatika ndo umuulize. Akikwambia niandikie, nami nataka kujua.

Shangazi